Jino likiuma, ni lazima ling'olewe?



Ndugu wasomaji, kwetu Buyenzi jino likiuma dawa ni karafuu, kisha vidonge vya maumivu, kisha koleo. Tumezoea hivyo mpaka mtu mzima mwenye magego yote tunamshangaa. Kumbe mapitio ya tafiti nyingi za dunia yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wana angalau jino moja lililotibiwa mzizi likabaki kinywani. (Si jambo la kujivunia, maana mara nyingi jino hufika huko baada ya kuoza.)

Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo ukiifikia ndipo mtu anakesha. Maumivu yakikatika ghafla watu husema alhamdulillah amepona, na mara nyingi ni mshipa umekufa, vijidudu vinateremka mzizini mpaka shavu livimbe. Daktari hupiga ganzi, hutoboa jino, huikwangua ile nyama kwa visindano vyembamba, huosha, kisha hujaza aina ya mpira utokanao na utomvu wa mti. Gego mara nyingi huvishwa kofia. Gharama yake inazidi ya kung'oa, na hapo familia nyingi hukwama. Hatuwalaumu.

Lakini jino la mbele tulifikirie mara mbili. Tuliosoma madrasa tunajua herufi thaa, dhaal na dhwaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya mbele ya juu, na faa hutaka meno hayohayo na mdomo wa chini. Mzee wetu aliyetusomesha Juzuu Amma aling'olewa mawili ya hapo. Siku hizi tukimwomba asalishe anamsukuma mbele kijana, anasema faa yake imekuwa upepo mtupu. Sauti ile tuliizoea tangu utotoni, na msikitini hatuisikii tena.

Swali tunaloulizwa sana ni la Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao Jeddah liliazimia mwaka 1997 kwamba kutoboa jino, kung'oa na kusafisha meno havibatilishi saumu, ilimradi mtu asimeze kinachofika kooni. Mwenye wasiwasi na yale maji ya daktari aombe miadi ya usiku, baada ya kufuturu.

Wallahu a'lam.