Kitufe nilichokuwa nikikitetea

Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa kuwasha kila kitu. Ukinikabidhi kompyuta ya ofisi, sikuondoka mpaka nione antivairasi haina kitufe hata kimoja kilichozimwa, hasa kile cha kukagua barua pepe. Sababu nilikuwa nayo. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kiliizunguka dunia kwa siku chache tu kikiwa ndani ya kiambatisho, na sisi tuliojifunza kazi miaka ile tuliiogopa barua kuliko kitu kingine chochote.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja wa nyaraka, kwenye ofisi ya uwakala wa forodha pale Posta, Dar es Salaam. Alinipigia asubuhi: "Mwanangu, njoo uone. Mteja analalamika nimemtumia ankara ileile mara nne, na mimi hapa kompyuta inaniambia haijaenda!"

Nikakaa kwenye kiti chake. Barua ilikuwa imekwama kati ya zinazosubiri kutoka, imebeba hati ya shehena iliyoskaniwa, kurasa kumi na mbili. Mstari wa kijani ukasogea, ukakaribia mwisho, ukasimama. Baada ya dakika moja likaja tangazo kwamba seva haijibu, kisha ikaanza tena yenyewe. Kando ya kibodi palikuwa na flashi. Siku hizo alikuwa akimpa kijana wa bodaboda ampelekee wakala wa meli nyaraka, huku mzigo wa watu ukilala bandarini na gharama zikipanda.

Nikaulaumu mtandao. Siku ya tatu ndipo nilipotulia kusoma kinachotendeka ndani. Antivairasi inayokagua barua hujiweka katikati ya Outlook na seva. Huipokea barua kana kwamba yenyewe ndiyo seva, huipekua, ndipo huipeleka mbele. Outlook, usipoibadilisha, husubiri jibu dakika moja tu. Kiambatisho kikiwa kizito na intaneti ikisuasua, dakika inakwisha, Outlook inahesabu imeshindwa na kutuma upya, kumbe ile ya kwanza imeshaondoka na itafika. Ndizo zile ankara nne.

Hata baada ya kuelewa, mkono ulisita. Ningemwambiaje mwenye ofisi kwamba nimepunguza ulinzi? Nikachukua faili la majaribio la EICAR, mstari wa herufi na alama 68 usio na madhara, ambao antivairasi hutengenezwa ziutambue kama kirusi ili watu wazijaribu. Nikaliambatisha kutoka laptopu yangu ya Linux, nikalituma kwa mama, ukaguzi wa barua umezimwa na ulinzi wa mafaili umewashwa. Barua iliingia bila kizuizi. Moyo ulinienda mbio. Nikabofya kiambatisho, na onyo jekundu likatokea kabla hakijafunguka. Ili Outlook ikuonyeshe kiambatisho, lazima kwanza ikiandike kwenye diski, na mlinzi wa mafaili anakesha hapohapo.

Jioni ile nilizima ukaguzi wa barua kwenye kompyuta zote za ofisi. Ulinzi wa mafaili sikuugusa, wala sikubali uguswe, na masasisho ya kila siku nayafuatilia mwenyewe. Hati ya kurasa kumi na mbili ilitoka kwa mara moja.

Muda niliokuwa nikiutumia kufukuzana na barua zilizokwama sasa nautumia kukaa na wafanyakazi. Nawaonyesha anwani ya mtumaji inavyoweza kubadilishwa herufi moja tu, nawasihi wasilipe chochote kabla ya kupiga simu. Wiki chache baadaye iliingia barua kwa jina la msambazaji wao wa siku zote, ikisema akaunti ya benki imebadilika. Haikuwa na kiambatisho. Hapakuwa na faili la kukagua. Mama alifungua daftari lake, akatafuta namba ya zamani, akapiga. Akaunti haikuwa imebadilika.