Sura za Vitu Katika Kioo

Kitu kipya aghalabu huingia mjini kimevaa nguo za kitu cha kale, ili wenyeji wasikishtukie. Mkeka wa plastiki huiga milia ya ukindu, na motokaa za kwanza zilifanana na magari ya farasi yaliyopotewa na farasi wake. Kompyuta nayo ilifuata desturi hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iitwayo Star, ambayo kioo chake kilionyesha meza ya karani pamoja na majalada na karatasi zake. Na mwaka 1984 Macintosh ya Apple ikazieneza picha za namna hiyo kwa watu wengi zaidi, pipa la taka likiwa mojawapo. Baadaye mtindo ulipinduka. Mwaka 2013 Apple iliondoa katika simu zake ngozi za kuigiza, mishono ya kuigiza na karatasi za manjano za kuigiza, ikaweka rangi tupu na mistari myembamba. Basi wajuzi wamegawanyika. Wako wasemao kwamba alama za kiooni lazima zifanane na vitu vishikwavyo kwa mkono; na wako wasemao kwamba kioo ni kioo, hakina haja ya kujifanya ngozi wala ubao.

Mimi ni mtu wa Njombe, na shughuli zangu hunipeleka Makambako mara kwa mara, mwendo wa kilometa 60 hivi. Katika miji hii miwili nimeona kwamba ubishi huo una swali ambalo pande zote mbili hulisahau, nalo ni hili: kufanana na vitu vya nani?

Shangazi yangu, mkulima wa viazi, alipewa na wanawe simu ya kioo iliyosema Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na picha ya marehemu mumewe. Chini ya picha hiyo aliona chombo kidogo chenye mfuniko. Nyumbani mwake chombo cha namna hiyo ni ndoo, na ndoo yenye mfuniko ndimo iwekwamo mbegu isiliwe na panya. Taka hazina chombo. Hutupwa shimoni nyuma ya nyumba, na nyingine hugeuka mbolea. Basi akaitia picha ya mumewe katika ndoo ile ili isipotee. Simu ikangoja siku 30 kama ilivyoagizwa, kisha ikaifuta. Nilipomweleza maana ya chombo kile hakulia. Aliniuliza tu, “Mwanangu, hao waliokichora, kwao taka hufunikwa kwa heshima namna hiyo?” Sikuwa na jibu, wala sina hata leo.

Wako watakaosema kwamba shangazi alikosa. Mimi sioni hivyo. Alisoma picha kwa akili timamu, akaifasiri kwa maisha aliyoyaishi, na hiyo ndiyo kazi aliyotakiwa kuifanya na waliochora. Ikiwa picha huwafaa wale tu waliokwisha kukaa ofisini penye pipa la taka chini ya meza, basi haikuwa msaada kwa mgeni; ilikuwa salamu ya wenyeji kwa wenyeji wenzao.

Walakini haifai kukimbilia upande wa pili bila kufikiri. Makambako pana stesheni ya TAZARA, reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1976. Injini zake tangu mwanzo zimekuwa za dizeli. Lakini katika simu, na katika alama za barabarani za nchi nyingi, treni huchorwa ikitoa moshi wa mvuke, na mtoto wa Makambako ambaye hajapata kuuona moshi huo husema mara moja, “Treni.” Kwake ile si picha tena, ni herufi. Hata herufi A ilizaliwa na picha ya kichwa cha ng'ombe, na hapana amuonaye ng'ombe huyo anaposoma. Kwa hiyo kufanana ni ngazi tu. Aliyekwisha kupanda haihitaji. Na ambaye ngazi haikuegemezwa kwenye ukuta wake, haimfikishi.

Je, wapendao kioo kitupu wameshinda? Wameshinda nusu. Simu ya vitufe ilikuwa na kinundu juu ya tarakimu 5, na mtu aliweza kupiga simu gizani kwa kupapasa. Kioo hakina kinundu. Tena kidole kikavu kilichosuguliwa na jembe pengine hakitambuliwi nacho. Zaidi ya hayo, kingo zilipoondolewa, maneno ya kubonyezwa na maneno ya kusomwa tu yalivaa sare moja. Asiyeambiwa hajui mlango uko wapi na ukuta uko wapi.

Kwa maoni yangu, kinachostahili kuigwa ni tabia ya kitu kuliko sura yake. Tazama mizani sokoni. Kiazi kikiwekwa, mshale husogea. Muuzaji na mnunuzi huuona pamoja. Na kabla ya kulipa, kilichozidi huweza kuondolewa. Mizani hujibu, hushuhudia, tena husamehe. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 haikuwa na picha yoyote: mtu alipiga *150*00# akafuata namba na maneno. Hata hivyo wauza mahindi waliizoea, kwa sababu utaratibu wake ni wa soko lenyewe: nani, kiasi gani, kwa siri ya nani, kisha ushahidi wa maandishi kwa mtoaji na kwa mpokeaji.

Tena lugha ni chombo kikubwa kuliko picha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, ukathibitisha kwamba kompyuta yaweza kusema nasi. Neno moja, “futa,” chini ya ndoo ile lingalitosha.

Jambo hili si la urembo. Mtu mzima asiyeweza kusoma kioo chake humwita kijana ambonyezee, na aghalabu humpa namba ya siri pia. Hapo hukabidhi mfuko wake, faragha yake, na sehemu ya heshima yake. Achorae alama, basi, asiulize kwanza kama imefanana na kitu. Aulize kama atakayeigusa peke yake, pasipo mtu wa kumwuliza, atajua litakalotokea kabla halijatokea, na kama likitokea asilolitaka ataweza kurudi.