Mmiliki Hajulikani

Arobaini ya Baba ilipopita, Mama, akiwa bado edani, alianza kuuliza madeni. Mirathi haigawanywi kabla deni la marehemu halijalipwa. Na Baba, aliyeuza vipuri vya baiskeli, alikuwa ameacha daftari tangu 2016 akawa anaandika kila kitu kwenye kompyuta ya mezani pale sebuleni. Wiki ya msiba umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta haikuwaka tena.

"Si unasoma masta wewe?" Mama akaniambia. Nasoma isimu, lakini kwetu Tanga masta ni masta.

Nilichomoa diski kwa bisibisi, nikaifunga kwenye kanga, nikarudi nayo Dar es Salaam, nikaiunganisha na laptopu yangu kwa kebo ya kuazima. Kwanza nilitega sikio. Diski inayokufa hugonga, tak, tak, na ikigonga hivyo usiiendeshee programu ya ukarabati: nakili unachoweza, upesi, maana huenda isizunguke tena. Hii ilivuma taratibu tu. Kumbe kilichoungua ni pawa saplai.

Folda ya Baba niliiona. Nilipoibonyeza, nikaambiwa sina ruhusa.

Nilidhani ni suala la jina. Nikafungua akaunti kwenye laptopu yangu kwa jina lake na nywila yake ile ile, tarehe aliyomwoa Mama. Ikakataa. Ndipo nilipojifunza kwamba Windows haimjui mtu kwa jina. Kila akaunti hupewa namba ndefu, inayoanza na S-1-5-21, na faili hubeba namba hiyo. Jina ni la kutusaidia sisi. Akaunti mpya, hata uiite vilevile, ni mtu mwingine. Kwenye nafasi ya mmiliki ilikaa namba tupu, kwa kuwa laptopu yangu haikujua ni ya nani.

Dawa yake si kubwa. Msimamizi wa kompyuta huchukua umiliki kwa amri ya takeown, kisha hujipa ruhusa kwa icacls. (Faili zingekuwa zimesimbwa, hata hayo yasingesaidia.) Niliandika amri ya kwanza, nikaiacha pale. Mirathi haijagawanywa, nami najiandika mmiliki! Saa nne usiku nikampigia Mama kuomba idhini ya kufungua folda. Nadhani aliona nimechanganyikiwa.

"Fungua, mwanangu. Watu wanasubiri."

Mistari ikashuka kwenye skrini, faili baada ya faili.

Jedwali la madeni lilikuwa na majina 11. Nilimsomea Mama kwenye simu, naye akiandika. Mengi yalikuwa madogo: tairi za mkopo, saruji, dawa ya Bibi. Mstari wa tisa ulikuwa wa Ba'mdogo, shilingi 1,800,000, na pembeni Baba ameandika: ada ya masta. Mimi niliambiwa ni pesa ya mchezo. Na Ba'mdogo alikaa nasi msiba mzima, akamwosha kaka yake kwa mikono yake, hakutamka neno.

"Mbona umenyamaza?"

Nikausoma.

"Huo naujua," Mama akasema. "Nipe wa kumi."