Ufuo Uliohama

Mwaka 1978, nikisomea misitu Ufini, likizo ya kiangazi niliimalizia Björköby, kijiji cha wavuvi kwenye visiwa vya Kvarken, Ghuba ya Bothnia. Mimi mtoto wa Pangani. Kwetu nimeona minazi ikiangushwa na mawimbi; bahari inayokimbia watu sikuwahi kuiona.

Mwenyeji wangu, mzee mvuvi, alinipeleka Bodback, bandari ya mababu zake. Mabanda ya mashua yalikuwa yamejipanga, milango ikielekea kidimbwi cha matete. Ndani ya banda moja magogo ya kutelezeshea mashua yalikuwa bado yamelala sakafuni, yameota kuvu. Yalipokomea yalianza majani, kisha vichaka vya miba vyenye matunda ya rangi ya chungwa. Babu yake alikuwa akisukuma mashua kidogo tu, inaelea. Na kule hakuna bamvua la kungojea: kupwa na kujaa ni kama hakuna, maji yakishaondoka yameondoka.

"Maji hayajapungua, kijana," aliniambia. "Nchi ndiyo inayopanda."

Zama za barafu eneo lile lilibeba barafu nene kiasi cha kilomita tatu. Miamba ikabonyea, na ile laini iliyo chini sana ikasukumwa pembeni. Barafu iliyeyuka kama miaka 10,000 iliyopita, lakini nchi ni jahazi zito, hata likishapakuliwa huibuka taratibu. Kvarken hupanda takriban milimita 8 kwa mwaka. Ni kidogo, ila kwa umri wa mtu mmoja ni zaidi ya nusu mita, na penye ufuo wa bapa nusu mita hukausha uwanja mzima. Mji wa Vaasa ulipoteketea mwaka 1852 ulijengwa upya kilomita kama 7 kutoka pale, karibu na bahari iliyokuwa imeuacha.

Jambo nililolifurahia zaidi ni ubishi. Maji ya mbele ya kijiji ni mali ya wenye mashamba kwa pamoja, hivyo ardhi inayochomoza humo ni yao wote. Jirani mmoja alijikuta na ukanda wa ardhi ya kijiji kati ya sauna yake na maji, akatakiwa aununue.

"Babu yangu aliijenga ufuoni!" alifoka.

"Ufuo umehama," akajibiwa. "Wewe hukuhama."

Siku hizi bahari za dunia zinapanda milimita tatu hadi nne kwa mwaka, kwa hiyo sehemu ya mwinuko ule inamezwa. Jakarta mambo ni kinyume: maji ya ardhini yamevutwa mno, mitaa ya kaskazini imedidimia mita kadhaa, na watu wanaishi nyuma ya kuta. Ukitaja kina cha bahari bila kutaja nchi inakwenda wapi, umesema nusu.

Mjukuu wa mwenyeji wangu aliniandikia juzi juzi. Yule jirani aliununua ukanda wake, na watoto wake sasa wanadaiwa mwingine.