TRENI INAPITA. JE, INAWAFAA WANAKIJIJI?

Ndugu msomaji, twende pamoja mpaka bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Bonde hili ni pana, na linalima mpunga mwingi. Wakati wa masika barabara za udongo hujaa matope.

Reli ya TAZARA inapita katika bonde hili. Inaanzia Dar es Salaam na kuishia Kapiri Mposhi, nchini Zambia. Urefu wake ni kilometa 1,860. Ilijengwa kwa msaada wa China, kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Shabaha kubwa ilikuwa kuipatia Zambia njia ya kupeleka shaba baharini. Lakini miaka hiyo wananchi wengi walihamia vijiji vya ujamaa kando ya reli. Nao wakaanza kuitumia.

Ifuate reli kutoka Ifakara. Utafika Mlimba, chini ya milima. Kutoka hapo reli inapanda. Inapita juu ya madaraja na ndani ya mahandaki, mpaka Makambako penye baridi. Huko juu kuna maharage na viazi. Kule chini kuna mchele na ndizi. Watu wa pande hizi mbili wanahitajiana.

Mwaka 1994 kulikuwa na mpango wa kufunga baadhi ya stesheni ndogo. Wanakijiji waliandika barua kuupinga. Kwa nini? Mtu wa ofisini huona kuwa stesheni ndogo inauza tiketi chache. Lakini kwa mama mwenye gunia la mpunga, stesheni hiyo ndiyo njia ya sokoni.

Mwanahistoria wa Marekani, Jamie Monson, aliichunguza reli hii. Alisoma stakabadhi za mizigo midogo iliyosafirishwa kwa treni. Pia alizungumza na wananchi. Kitabu chake cha mwaka 2009 kinaeleza jinsi wakulima na wachuuzi wadogo walivyoitumia treni kuendeleza maisha yao.

Hapa kuna funzo. Treni au basi likijaa, usiseme upesi kwamba linawafaa watu. Huenda hawana njia nyingine. Likiwa tupu, usiseme hawalihitaji. Huenda linafika usiku wa manane, au siku moja baada ya gulio.

Je, kijijini kwako usafiri ukoje? Chukueni daftari. Kwa mwezi mmoja andikeni mambo haya:

1. Gari lilifika siku gani, na saa ngapi?
2. Nani walibaki, na kwa sababu gani?
3. Mazao gani yaliharibika kwa kukosa usafiri?
4. Wagonjwa walifikaje hospitali?

Waulizeni pia wazee na akina mama wasiosafiri kabisa. Kisha someni daftari hilo katika mkutano wa kijiji, na nakala mpelekeeni diwani. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Shida nayo bila daftari haisikiki mbali.