Logariti na Daftari la Maziwa

Jumatatu, 4 Machi 2024
Mvua tangu alfajiri. Kaka karudi toka Tukuyu, kakuta kompyuta iko wazi mezani, najifunza kuandika programu. "Mdogo wangu, hiyo kazi ya watu wa PCM, waliosoma Fizikia, Kemia na Hesabu. Wewe Hesabu ulipata F." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana neno lake limeniuma: anaamini hivyo. Leo sijaandika hata mstari mmoja.

Jumatano, 6 Machi
Nimeupata utafiti wa Chantel Prat na wenzake, Chuo Kikuu cha Washington, 2020. Waliwafundisha watu Python, lugha ya kuandikia programu, wakapima nani anashika na kwa nini. Kipaji cha lugha kilieleza asilimia 17 ya tofauti zao. Uwezo wa hesabu, asilimia 2. Mbili! Nina Kinyakyusa cha mama, Kiswahili cha darasani, Kiingereza cha sekondari. Mtaji ninao.

Ila kilichoongoza ni kufikiri na kumbukumbu, asilimia 34. Na watu wenyewe walikuwa 36, wakijifunza mambo ya mwanzo. Kaka hatashawishika kwa watu 36. Hata mimi moyo haujatulia.

Ijumaa, 8 Machi
Katibu wa kikundi cha maziwa anataka programu ya kutafuta jina la mwanachama. Majina 800. Kuanza la kwanza hadi la mwisho, hapana. Fungua katikati. Jina liko juu au chini? Tupa nusu isiyohusika. 400, 200, 100... Haizidi mara 10. Yangekuwa milioni moja, mara 20 tu. Jamani, 20!

Usiku, umeme umekatika, naandika kwa tochi ya simu. Mbili ijizidishe mara ngapi hadi ivuke 800? Si ndizo logariti zile! Kidato cha pili tulihamisha tarakimu toka kwenye majedwali hadi daftarini, tukakariri, tukasahau. Hakuna aliyetuambia zinafanya kazi gani. Nina hasira na furaha kwa pamoja.

Jumapili, 10 Machi
Tatizo. Daftari linafuata tarehe ya kujiunga, si alfabeti. Kutupa nusu hakufai mpaka majina yapangwe kwanza. Kulinganisha kila jina na kila jina: 800 × 799 ÷ 2 = 319,600. Nimepiga kwa mkono, nikarudia. Halafu kuna algoriti ya John von Neumann ya 1945: gawa mafungu hadi libaki jina mojamoja, kisha unganisha ukipanga. Haifiki hata 8,000. Logariti tena.

Kwa majina 800 kompyuta haitahisi tofauti, nakubali. Lakini vikundi vya Rungwe nzima vikiwekwa pamoja, vya Mbeya nzima? Hapo ndipo njia mbaya inamkalisha mtu dirishani na ndoo yake akisubiri.

Jumatatu, 11 Machi
Programu inapanga majina. Mama kataja jina lake, limetoka, kasema "Ndaga fijo", asante sana, kama vile nimempa kitu cha mkononi.

Kaka yuko sahihi nusu. Kuanza hakukunidai hesabu, kulinidai subira na kusema jambo kwa mpangilio. Kuchagua njia ndiko kunakodai hesabu, na hiyo inajifunzwa hata baada ya F. Jioni nitamwambia: asiwaambie wadogo zetu kwamba kompyuta ni ya PCM. Awaambie logariti zinafanya kazi gani.

Kitabu cha kidato cha pili nimeshaazima kwa jirani.