Chanjo Isiyochanja

Mwaka 2009 nilikataa kunywa dawa kwa sababu ya neno. Tulikuwa tukikaa Chumbuni, Unguja, na mtaa wetu ulikuwa miongoni mwa iliyoalikwa kupata chanjo ya kipindupindu. Mama, ambaye miaka mingi nyuma alimzika nduguye kwa maradhi hayo, alijitanda kanga akatoka mapema. Mimi nilibaki barazani nikifanya mzaha: "Mama, chanjo imetokana na kuchanja. Kitu cha kunywa kinachanja nini?"

Akanijibu, "Mwanangu, kipindupindu hakisomi kamusi."

Akanywa dozi zake mbili. Mimi sikunywa hata moja.

Miaka ilipita. Kazi ya kutafsiri, ambayo nilijifunza bila ya mwalimu, ikanifikisha kwenye maandishi juu ya Jan Holmgren, mwanasayansi wa vijidudu wa Chuo Kikuu cha Göteborg, Uswidi. Hapo nikaona jinsi ubishi wangu ulivyopotea njia.

Chanjo za zamani za kipindupindu zilikuwa za sindano, na kinga yake ilikuwa haba na ya muda mfupi. Holmgren alilitazama jambo hili kama ambavyo mtu wa pwani angelitazama: adui anashukia bandari gani? Kijidudu cha kipindupindu hakina haja ya kuingia damuni. Hujibandika kwenye ukuta wa utumbo, na hapo hapo hutema sumu yake. Kumweka mlinzi damuni, basi, ni kumweka shamba ilhali mwizi yuko forodhani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alionyesha kwamba sumu hiyo hushika kitu mahsusi juu ya seli za utumbo, kiitwacho GM1. Sumu yenyewe ina sehemu mbili: A, ambayo hudhuru, na B, yenye vipande vitano, ambayo kazi yake ni kushika tu. B ikiwa peke yake ni mkono usio na kisu. Holmgren, Ann-Mari Svennerholm na wenzao wakaichukua B hiyo, wakaichanganya na vijidudu vilivyokwisha kuuawa, ili utumbo ujifunze kumtambua adui kabla hajafika. Na kwa kuwa asidi ya tumbo huiharibu B, dawa hunywewa pamoja na maji yaliyotiwa chumvi ya kuipoza asidi. Majaribio makubwa yalianza Bangladesh mwaka 1985, na Uswidi ikaiidhinisha chanjo mwaka 1991. Miaka ishirini, kutoka kuujua mkono hadi kujaza kikombe.

Kikombe hicho ndicho nilichokikataa.

Matokeo ya Zanzibar yalichapishwa mwaka 2012. Kipindupindu kilikuwa kimerudi visiwani baada ya kampeni ile. Takriban nusu ya walioalikwa walikunywa dozi zote mbili, na hao walikingwa kwa asilimia 79. Lakini kilichonisimamisha ni kwingine. Wasiokunywa, waliokaa kati ya majirani wengi waliokunywa, hatari yao ilipungua kwa asilimia 75 ikilinganishwa na wenzao waliokaa penye wanywaji wachache.

Nilirudia kusoma mara tatu. Hesabu haitaji jina la mtu, lakini nilijijua nimo: mimi ndiye yule asiyechanjwa, niliyekaa barazani nikicheka, huku mama na majirani wakijenga ukuta ulionizunguka.

Mama hayupo tena. Sikuwahi kumwambia.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walikusudia vijinga vya moto, si kinga ya mwili; mtu wa kamusi angenisahihisha mara moja. Safari hii naliacha neno lilivyo. Mwaliko ukija tena mtaani, nitatangulia mimi.